Niliosha gari la baba, sasa limejaa mikwaruzo

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 15, nasoma sekondari. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo wenzangu wanaliona la ajabu: napenda kusafisha magari. Sisemi kumwaga maji na kuondoa tope tu. Napenda ile kazi ya kina, diteilingi, ya kulishughulikia gari kipande kwa kipande mpaka kwenye matundu ya kiyoyozi na mishono ya viti. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama video za mafundi kila nikimaliza masomo, na nimeyajua majina ya dawa zao kabla sijashika hata moja.

Wiki tatu zilizopita baba alisafiri akaacha gari nyumbani. Ni gari jeusi, na analitunza sana. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikachukua ndoo moja, sabuni ya kuoshea vyombo na sponji ya jikoni, nikaliosha saa sita mchana jua likiwaka. Penye tope gumu, chini ya mlango, nilitumia ule upande mgumu wa sponji, ila kidogo tu. Nikalikausha kwa fulana yangu ya zamani. Liling'aa, nikajisikia vizuri kweli. Kesho yake asubuhi nikalitazama jua likilipiga ubavuni, nikaona boneti yote imejaa mistari myembamba ya duara kama utando wa buibui, na madoa meupe ya maji hapa na pale. Chini ya mlango pamepauka.

Baba amerudi na hajasema kitu. Sijui hajaona, au ameona akanyamaza. Kila akilisogelea gari moyo unanienda mbio.

Nina akiba niliyoiweka kwa mwaka mzima. Nataka kununua mashine ya kupiga polishi, niifute ile mikwaruzo siku ambayo hayupo, mambo yaishe. Wakati huohuo jirani yetu, aliyeniona siku ile nikiosha, ameniomba nimpigie gari lake polishi mwisho wa mwezi na atanipa chochote. Nilikubali papo hapo. Mama aliposikia alikasirika. Alisema kuosha magari ni kazi ya walioshindwa shule, na kwamba hakunisomesha ili nishike ndoo.

Mjomba, ninunue mashine? Nimwambie baba? Na mtu kama mimi aanzie wapi hasa?

Mpenda Magari

*

Marahaba, mpwa wangu.

Naanza na mashine, maana hilo ndilo swali lisiloweza kungoja: usiinunue sasa. Nitakueleza sababu, kisha wewe mwenyewe utaona kwa nini ule mpango wa kufuta mikwaruzo kwa siri umenishtua kuliko mikwaruzo yenyewe.

Rangi ya gari si kitu kimoja. Chini kabisa kuna bati, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote lipo tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mng'aro wote unaoupenda unatoka kwenye klia, na mikwaruzo yako imo humo. Kwenye magari mengi yaliyopakwa kiwandani, klia ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu una maikroni kama 70. Yaani kinachoikinga rangi ya gari la baba yako dhidi ya jua na mvua ni chembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani mwako. Polishi nayo haijazi mkwaruzo wala haiongezi chochote. Ni chembe laini za kusagia zilizochanganywa kwenye krimu, na huondoa mkwaruzo kwa kuisaga klia inayouzunguka mpaka ishuke ilingane na kina chake. Kila ukipiga polishi umepunguza, na ulichopunguza hakirudi ila kwa kupaka upya.

Nilikuwa na miaka 19 nilipokabidhiwa mashine ya mzunguko mara ya kwanza, kwenye karakana niliyokuwa najifunzia. Hakuna aliyeniambia kwamba rangi huwa nyembamba kwenye kingo na mikunjo ya bodi. Nilipita kwenye ukingo wa mlango wa gari la mteja, nikakaa pale sekunde chache zaidi ya ilivyotakiwa, na nilipofuta nikaona alama ya kijivu, ndefu kama kidole. Nilikuwa nimeimaliza klia, nimeimaliza rangi, nimefika praima. Mlango mzima ulipakwa upya. Mpaka leo nikifika ukingo wa mlango nabandika utepe kwanza, hata nikiwa na haraka kiasi gani.

Wewe unataka kufanya kazi hiyohiyo kwa mara ya kwanza maishani, kwenye gari jeusi, peke yako, mwenyewe hayupo. Ulichonacho sasa ni mikwaruzo myepesi inayoweza kungoja mwaka mzima bila kulidhuru gari. Ukitoboa klia utakuwa na jambo jingine kabisa la kumweleza.

Kwa hiyo mwambie baba, na umwambie wiki hii. Mwombe mtoke naye giza likishaingia, ushike tochi, hata ile ya simu inatosha. Imulike boneti kwa karibu na umwonyeshe ile miduara. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Baba, ulipokuwa safarini niliosha gari bila kukuomba. Nilitaka kukufurahisha, lakini nilitumia vifaa visivyofaa nikalikwaruza, na nimechelewa kukwambia kwa sababu niliogopa. Sasa najua nilikosea wapi. Naomba uniruhusu nilioshe tena ukiwepo, uone ninavyofanya." Usiahidi kuyafuta. Usimtaje mtu wa kwenye video. Na akikasirika mwache akasirike, ana haki hiyo, wewe simama hapo umsikilize. Sidhani ni sabuni itakayomuuma. Kitakachomuuma ni zile wiki tatu, na zikigeuka miezi mitatu zitauma zaidi.

Atakuuliza imekuwaje, na inafaa uwe na jibu, kwa hiyo tuirudie siku ile.

Sabuni ya vyombo haikukwaruza kitu. Kazi yake ni kukata mafuta, na ilichofanya ni kuiondoa waksi iliyokuwepo, kwa hiyo rangi imebaki bila kinga. Usiitumie tena, lakini usiilaumu kwa miduara. Jua ndilo lililoleta madoa meupe: maji yalikauka juu ya bati la moto kabla hujayafuta, yakaacha kalisi na magnesi iliyokuwamo. Jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kivulini, gari likiwa limepoa. Futa taratibu kisha suuza kwa maji mengi. Yasipotoka, yaache, pengine yameshailamba klia.

Mkwaruzaji mkuu ni sponji ikisaidiana na ndoo moja. Vumbi la barabarani lina mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, jiwe gumu kuliko klia kwa mbali sana. Sponji ya jikoni ina uso bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa haina pa kuingia, inabanwa kati ya sponji na rangi na kuburutwa. Kisha unaichovya kwenye ndoo, mchanga unabaki ndani ya maji yaleyale, na unaurudisha kwenye boneti. Fulana ikamalizia, kwa mishono yake na kwa vumbi lililokuwa limebaki. Na jambo hili lilinishangaza nilipolijua: ile mikwaruzo si ya duara. Imekwenda kila upande, ila jicho linaona ile tu iliyokingamana na mwanga, ndiyo maana inaonekana kuizunguka taa. Sogeza tochi uone jinsi duara linavyokufuata.

Pale ulipotumia upande mgumu ni habari nyingine. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukiteleza, siku moja fundi atapaondoa kwa polishi. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umekwenda chini mno, na kuufukuza ni kuimaliza klia. Hapo mtaishi nao.

Sasa, uanzie wapi. Mpwa wangu, anzia ndani ya gari. Najua si jibu ulilolitaka. Video zinapenda povu jeupe na boneti inayogeuka kioo, lakini ndani ndiko mkono unakojifunza utulivu, na ni vigumu kuharibu kitu kisichorekebishika ukiwa na kitambaa chenye unyevu na brashi laini. Toa mazulia, yakung'ute nje. Anza juu ushuke chini, maana vumbi nalo hushuka. Brashi laini mkono mmoja, mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi mkono mwingine, kwenye matundu ya kiyoyozi, kuzunguka vitufe, kwenye reli za viti. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye skrini, redio wala swichi. Ipulizie kwenye kitambaa ndipo ufute. Kitambaa cha dari usikiloweshe, kimeshikwa kwa gundi na gundi ikilegea dari inaning'inia. Chini ya viti ukiona nyaya zenye plagi za njano, usizichomoe wala kuzimwagia maji. Rangi hiyo kwa kawaida ni ya mifuko ya hewa na mikanda.

Kuna mafuta ya kung'arisha dashibodi ambayo wanaoanza huyapenda mno. Nakuomba usiyaguse kabisa kwenye usukani, kwenye pedali, wala kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara. Yanateleza. Baba akikanyaga breki mguu ukateleza, hatutakuwa tunazungumzia mikwaruzo tena. Mimi hata kwenye dashibodi siyapendi. Dashibodi iliyosafishwa vizuri haing'ai, ina ule ufifi iliyotoka nao kiwandani, na haiakisi jua kwenye macho ya dereva.

Vioo vifanye mwisho. Ndani futa kwa mistari ya kwenda juu na chini, nje futa kushoto na kulia. Ukiona mchirizi, mwelekeo wake utakwambia uko upande gani wa kioo. Kama vioo vimebandikwa tinti, epuka dawa yenye amonia, inaharibu ile karatasi.

Fanya hivyo mara nne, mara tano, kwa ruhusa, kwenye gari hilohilo moja. Ukiona unachoka na kutamani kuruka sehemu, ni vizuri umejijua mapema kabla hujatumia akiba. Ukiona unarudi kuangalia kona uliyoisahau, basi kweli unaipenda kazi hii, na ninaamini unaipenda, kwa jinsi ulivyoniandikia kuhusu mishono ya viti.

Kisha ndipo utoke nje. Akiba yako itumie hapa, na haitakwisha: ndoo mbili zenye wavu wa plastiki chini wa kuzuia mchanga usipande, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu, shampuu ya gari isiyo na asidi wala alikali kali, taulo moja kubwa la kukaushia na vitambaa vidogo kadhaa. Ndoo moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Osha kivulini au asubuhi, bati likiwa baridi. Magurudumu kwanza, kwa brashi na ndoo yao wenyewe, kwa kuwa vumbi la breki lina chembe za chuma na hutaki chembe hizo zifike kwenye boneti. Na kama gari limetoka barabarani sasa hivi, ngoja breki zipoe.

Halafu suuza gari lote kwa maji mengi bila kuligusa. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayookoa rangi kuliko zote, maana mchanga ulioondoka na maji hauwezi tena kukwaruza. Kisha glavu kwenye shampuu, paa kwanza, kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Kila kipande kimoja kikiisha, ichovye glavu kwenye ndoo ya maji matupu uisugue kwenye wavu, ndipo urudi kwenye shampuu. Sehemu za chini za milango na bampa ziwe za mwisho kabisa. Ukikausha, lilaze taulo juu ya bati ulivute taratibu, usisugue. Na kitambaa kikianguka chini, kimetoka kazini siku hiyo. Usikikung'ute ukaendelea nacho. Nimewaona watu wazima wenye vifaa vya bei kubwa wakifanya hivyo, na roho huniuma.

Vitambaa vyako vifue peke yake, bila dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa hiyo hufunika nyuzi zikaacha kunyonya maji, na uvianike mbali na joto kali. Maji machafu yasielekee kwenye mtaro unaomwaga mtoni. Osha penye nyasi au changarawe ikiwezekana.

Ukishaosha hivyo mara kadhaa na tochi ya usiku haikuonyeshi mkwaruzo mpya, paka waksi. Hii ni kinga, inaongeza kitu juu ya klia badala ya kupunguza, kwa hiyo ndiyo shule nzuri ya mkono. Waksi ya asili iliyo maarufu zaidi ni karnauba. Inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti hujifunika kwa waksi hiyo ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Ipake kwa safu nyembamba sana, kipande kwa kipande, ingoje ifanye ukungu, kisha uifute kwa kitambaa safi. Kila anayeanza hupaka nyingi mno, kisha hutoka jasho kuifuta. Waksi pia itaificha kidogo ile mikwaruzo ya baba. Mweleze kwamba imeifunika tu, kwa wiki chache, isije ikaonekana umemdanganya mara ya pili.

Yapo mambo ambayo kwa umri wako nayakataa waziwazi. Dawa za rimu zenye asidi usizishike. Baadhi zina asidi ya haidrofloriki au chumvi zake, ambayo hupenya ngozi na maumivu yanaweza kuchelewa kuja, wakati imeshaanza kuharibu ndani. Hata mafundi wengi wameachana nazo. Usichanganye dawa mbili kwenye chombo kimoja, na hasa dawa ya kung'arishia nguo na kitu chochote chenye asidi, maana hutoa gesi ya klorini. Usihamishie dawa kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa dakika tano, kama kuna mtoto nyumbani. Vaa glavu za mpira, na miwani ya kukinga macho unapopulizia kitu. Gari lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Na funguo zikae kwa baba: wewe unaosha gari lilipoegeshwa, hulisogezi. Sehemu ya injini iache kabisa kwa sasa.

Kuhusu jirani. Ulikubali upesi, na kurudi kusema "nilikosea" ni kugumu, lakini nenda kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie polishi bado huijui, ila unaweza kumsafishia ndani ya gari kama wazazi wako wakiridhia. Watu wazima wengi humheshimu zaidi kijana anayejua mpaka wa uwezo wake. Akikubali, kabla hujagusa chochote lizungukeni gari pamoja, kila mkwaruzo na kila doa la kiti lionekane na nyote wawili, na upige picha. Vitu vyake vyote vilivyomo, hata sarafu na risiti, viweke kwenye mfuko mmoja umkabidhi mkononi. Malipo usiyataje mara ya kwanza. Fikiria mlango wa mtu mwingine ukipata alama mikononi mwako: wewe una miaka 15, atakayelipa ni baba yako, na ndiyo maana yeye lazima ajue na akubali.

Limebaki la mama, na hili nimelifikiria kwa muda mrefu. Maneno yake kwamba ni kazi ya walioshindwa shule sikubaliani nayo, na nasema hivyo kwa heshima, maana nimelishwa na mikono ya watu waosha magari na sijaona aibu ndani yake. Lakini usibishane naye. Chini ya maneno hayo nasikia hofu ya mzazi aliyejinyima ili usome, kisha anaona mtoto anazungumzia polishi kuliko vitabu. Hofu hiyo haiondoki kwa hoja. Mpe ratiba: gari moja kila baada ya wiki mbili, asubuhi ya siku isiyo ya shule, na wiki ya mitihani hakuna ndoo. Uitimize kwa miezi mitatu bila kukumbushwa. Na zile video, pima zinakula saa ngapi. Kama ni kila jioni, hapo mama ana hoja nzito kuliko unavyodhani.

Ukikaa naye vizuri, mwonyeshe pia kwamba kazi hii ina masomo ndani yake. Kwa nini shampuu ya gari iko karibu na pH 7, yaani si asidi wala alikali, na kwa nini dawa ya kuondoa chembe za chuma kwenye rimu hugeuka zambarau ikikutana nazo. Ukiambiwa uchanganye dawa moja kwa kumi, ni mililita 50 za dawa kwa mililita 500 za maji, unapata 550, na anayedhani anapata 500 amekosea uwiano. Pengine utajikuta unaipenda kemia kwa sababu ya boneti. Mimi ilinitokea, ingawa kwa kuchelewa.

Mashine utaishika, mpwa wangu. Ukifika wakati huo, usianze na ile ya mzunguko mmoja niliyotobolea mlango. Anza na ile inayozunguka huku pedi ikiyumba, kwa kuwa haijengi joto haraka mahali pamoja. Na kabla ya gari lolote, tafuta boneti au mlango kuukuu kwenye vyuma chakavu. Ukwaruze makusudi kwa sponji ya jikoni, bandika utepe katikati, piga polishi upande mmoja, polishi laini kwanza na pedi laini kwanza, halafu tazama tofauti. Ukishaelewa, bandua utepe uende mpaka ukingoni, ukae pale, uone kwa macho yako klia ikiisha. Ni vizuri uione ikiisha kwenye bati lisilo la mtu.

Msalimie baba. Ukishamwambia, na ukishaosha ile mara ya pili yeye akiwepo, toka usiku na tochi uipitie boneti yote, kisha niandikie umeona nini.

Mjomba